Unyevu huo ulipimwa kwa frekansi gani? Neno juu ya memwari zetu za kapteri

Tangu kiangazi kianze wadogo zetu wa promosyo za nyuma wananitumia memwari zao niziangalie mbele ya kwenda kutetea. Sijui nani aliwaambia kama ninasoma haraka. Nyingi ziko za aina moja: bustani ya nyanya ao ya shu, pompi ndogo ya volti 12, pano ya jua, kadi ya Arduino, na kapteri nyeusi yenye umbo la upanga inayochomekwa ndani ya udongo ili iseme kama mimea iko na kiu. Ni kazi nzuri. Wakati wetu nusu ya oditwari ilikuwa inafanya ankete ya familia mia na kitu, tabuleti za asilimia, basi. Hawa wanaunganisha nyaya wenyewe.

Lakini kuko kitu kimoja kinanisumbua katika zote, na ninapenda tukizungumze hapa kuliko kumwandikia kila mtu pembeni. Katika sura ya kwanza wote wanaweka sentensi moja, karibu neno kwa neno: kondansateri inazuia kuranti kontinu na inapitisha kuranti alternatifu. (Wale mliosoma Kampala ao Nairobi mtasema kapasita, ni kitu kile kile.) Katika sura ya pili wanataja mlinganyo wa Topp, 1980. Katika sura ya tatu kapteri inachomekwa, namba inatoka, pompi inawaka. Na katika kurasa 80 hakuna hata mahali pamoja panaposema kapteri hiyo inafanya kazi kwa frekansi gani. Ni kama mtu akuletee matokeo ya udongo ameandika pH 5,4 bila kusema kama ilipimwa katika maji ao katika KCl. Sisi baagronomu tungemrudishia karatasi yake siku ile ile. Kwa nini hapa tunanyamaza?

Tuanze na sentensi yenyewe, maana yeye njo mzizi. Si uongo. Iko kweli nusu, inatosha kumpitisha mtu kwenye egzetati, na ikishampitisha haimwachilie tena. Inamfanya aone kondansateri kama baryeri ya barabarani: huyu apite, yule arudi. Kumbe kondansateri haina lango. Iko na plaki mbili za chuma, katikati kuko kitu kisichopitisha umeme, na katika kondansateri nzuri hakuna elektroni inayovuka pale katikati, hata kama kuranti ni alternatifu. Kinachotokea ni kwamba ukisukuma chaji kwenye plaki moja, zile za plaki ya pili zinafukuzwa. Na betri, plaki zinajaa mpaka zifikie volti ya betri, mambo yanaishia pale. Ukiwa unageuza upande kila mara, zinajaa, zinamwagika, zinajaa kwa upande mwingine, na wewe uliyeshika amperemetri kwenye waya unaona kuranti isiyoisha.

Fikiria tuyo ya maji, ndani yake umefunga utando wa mpira unaoziba kabisa. Ukisukuma maji upande mmoja bila kuachilia, mpira unavimba, unakaza, maji yanasimama. Ukisukuma na kuvuta, kusukuma na kuvuta, maji ya upande wa pili nayo yatacheza, ingawa hakuna tone lililovuka. Na sasa angalia vizuri: ukicheza polepole sana, muda mwingi mpira unakuwa umeshakaza na maji yametulia. Ukicheza mbio, mpira haupati muda wa kukaza, na maji yanakwenda na kurudi kwa nguvu. Mbio ile njo frekansi. Sentensi ya silabusi imeiacha nje.

Formila kila mtu anaijua, anaiandika, halafu anaipita: upinzani wa kondansateri ni 1 kugawa na 2πfC. Herufi f iko pale chini, inaonekana. Chukua ile kondansateri ya mikrofaradi 4,7 ambayo mafundi wa bafle za kanisa wanaweka mbele ya twita ya ohm 8. Sauti ya besi ya 100 Hz ikifika, inakutana na ohm 339, karibu isisikike. Sauti kali ya 10 000 Hz inakutana na ohm 3 na nusu tu, inapita na kuimba. Besi na sauti kali, zote ni kuranti alternatifu. Kama sentensi yetu ingekuwa inatosha, ile kondansateri isingekuwa na kazi yoyote mule ndani ya bafle, na fundi ambaye hakumaliza sekondari angekuwa anapoteza pesa ya bure. Yeye anajua kitu ambacho lisansye wetu ameandika na hakukisoma.

Ao chukua ndogo zaidi, ya nanofaradi 100, ile ya rangi ya haradali inayojaa kwenye kila kadi. Kwa 50 Hz za nyumbani inapinga kwa karibu ohm 32 000. Kwa 1 MHz inapinga kwa ohm 1,6. Kitu kimoja, waya zile zile, tofauti ni mara 20 000. (Na ukizidi kupanda, miguu yake ya chuma yenyewe inaanza kujifanya bobini na hesabu inageuka tena, njo maana mafundi wanapanda ndogo pembeni ya kubwa. Tuiache hiyo.)

Sasa turudi shambani, maana sijaandika haya yote kwa ajili ya bafle.

Kapteri ile nyeusi ni kondansateri iliyofunguliwa. Plaki zake mbili zimelazwa pembeni kwa pembeni chini ya vernisi, na kile "kitu cha katikati" njo udongo wako. Uwezo wake wa kubeba chaji unategemea udongo huo, na sisi tunapata bahati moja kubwa kutoka kwa maumbile: hewa iko na permitiviti ya 1, madini ya udongo makavu yako kati ya 3 na 5, na maji yako karibu na 80. Kwa hiyo maji kidogo yakiingia, kondansateri inanenepa sana. Ukipima unene wake, umepima maji. Mpaka hapa memwari zote ziko sawa, na mchoro wa ukurasa wa 20 uko mzuri.

Shida iko kwamba udongo si kondansateri safi. Maji ya udongo yako na chumvi: nitrati, potasiamu, kalsiamu, vyote ambavyo sisi wenyewe tunavimwaga na mbolea. Chumvi hizo zinatembea, zinabeba kuranti ya kawaida, kama vile mpira wa tuyo yetu una matundu. Kwa hiyo katika udongo kuko njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ni ya kondansateri, ile inayotuambia maji. Njia ya pili ni ya kuvuja, ile inayotuambia chumvi. Njia ya kuvuja haijali frekansi sana. Njia ya kondansateri inapanuka kila frekansi ikipanda. Nani anashinda? Frekansi njo inaamua, na hesabu iko ndogo, inafanyika nyuma ya daftari.

Weka udongo unyevu wenye permitiviti ya 20, na upitishaji wa umeme wa 1 dS/m kwa udongo mzima, kama shamba la mfinyanzi lililopewa mbolea vizuri. Kwa 1 MHz, kuranti inayovuja inazidi ile ya kondansateri karibu mara 90. Nimeandika mara tisini, si asilimia tisini. Kwa 70 MHz zinakaribia kulingana, inayovuja inazidi kidogo tu. Kwa 1 GHz inayovuja haifiki hata sehemu moja ya kumi. Shamba ni lile lile, siku ni ile ile, hakuna tone la mvua lililoongezeka. Na hata ukichukua udongo maskini, wenye upitishaji mara kumi chini, kwa 1 MHz bado kuvuja kunazidi mara 9.

Kapteri zetu za dola chache ziko wapi kwenye ngazi hiyo? Fungua skima yake: kuko ka-sirkwiti ka 555, na ukipiga hesabu ya rezistansi na kondansateri zilizo pale, unaangukia karibu na megahezi moja ao kupita kidogo, na kwa matoleo yenye 555 ya zamani ni chini ya pale. Yaani tumekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, mahali ambapo chumvi inapiga kelele na maji yananong'ona. Vernisi inasaidia, sikatai. Inazuia chaji zisiingie moja kwa moja kwenye chuma, na inakuwa kama kondansateri nyingine iliyopangwa foleni na ile ya udongo. Lakini uwanja wa umeme unapita vernisi na kuingia katika udongo, na mule ndani chumvi inafanya kazi yake. Mtu anayeandika "kapteri hii ni ya kapasitivu kwa hiyo haiathiriwi na chumvi" amesoma karatasi ya muuzaji.

Na si chumvi tu. Katika frekansi za chini, mfinyanzi wenyewe unafanya ujanja: chaji zinajikusanya kwenye mipaka ya chembe na maji, na permitiviti inayoonekana inapanda juu bila maji kuongezeka. Katika mfinyanzi mnyevu, ukishuka chini ya megahezi moja, unaweza kusoma permitiviti inayopita ile 80 ya maji matupu. Udongo ulio na maji zaidi ya maji! Mwenye memwari akiona namba ya namna hiyo anasema kapteri imeharibika, anainunua nyingine. Kapteri haijaharibika.

Tufike kwa Topp, maana hapa njo ninapotaka kuwa mkali kidogo. Makala ya Topp, Davis na Annan ya 1980 katika Water Resources Research ni moja ya makala ambazo fani yetu imesimama juu yake, na ninaiheshimu. Walichukua ardhi nne za madini, kutoka yenye mchanga mpaka ya mfinyanzi, wakaongeza udongo wa kikaboni, vermikulite na hata shanga ndogo za kioo, wakatoa mlinganyo mmoja wa daraja la tatu unaogeuza permitiviti kuwa unyevu wa ujazo. Ukiweka permitiviti ya 20 unapata karibu 0,345. Wakasema pia kwamba katika vipimo vyao, chumvi, aina ya udongo na joto havikubadilisha kitu kikubwa. Sentensi hiyo ya mwisho njo memwari zetu zinaipenda. Inanukuliwa kila mahali, kama barua ya ruhusa.

Lakini walipima namna gani? Kwa TDR. Wanatuma pigo kali la umeme katika udongo kwa njia ya vyuma, wanangoja lirudi, wanapima muda. Kwa vyuma vya sentimita 20 na permitiviti ya 25, safari ya kwenda na kurudi inachukua karibu nanosekunde 6,7. Pigo la namna hiyo limejaa frekansi za juu sana, na muda unaousoma ni wa ile ncha ya mbele, yenye kukimbia, iliyo upande wa mamia ya megahezi. Pale juu, kama tulivyoona, kuvuja kunanyamaza. Kwa hiyo Topp hakusema kama chumvi haina neno kwa kila kipimo cha permitiviti. Alisema haikuwa na neno kubwa kwake, kwa chombo chake. Ukikata sentensi hiyo na kuibandika kwenye kapteri ya 555, umechukua jina la mtu bila kuchukua masharti yake.

Najua kuko mmoja atanijibu, na amenijibu tayari: "Mkubwa, muhtasari wa makala unasema wazi frekansi kati ya 1 MHz na 1 GHz. Kapteri yangu iko 1 MHz na kidogo. Niko ndani." Ni jibu la akili na limenifurahisha, maana ni yeye wa kwanza kutamka neno frekansi. Lakini ule ni upana wa frekansi zinazopatikana ndani ya pigo la TDR, haukuwa mfululizo wa vipimo, kimoja kwa 1 MHz, kingine kwa 10, kingine kwa 100, vyote vikakubaliana. Waliokuja nyuma walipima hivyo kweli: Kizito na wenzake, mwaka 2008 katika Journal of Hydrology, walipandisha frekansi kutoka 5 mpaka 150 MHz kwenye kapteri za bei ya chini, na waliona kwamba ukifika karibu na 70 MHz chumvi na joto vinaanza kuachilia kipimo. Chini ya pale kila udongo unataka kalibrasyo yake. Makala hiyo nimeitafuta katika bibliografia za memwari zote nilizopewa. Haimo hata katika moja.

Sasa mtasema: huyu anashughulika na desimali, mimea inakunywa tu. Ngoja niwaonyeshe mahali inapouma. Katika moja ya memwari hizo (sitataja jina wala chuo, na bado hajatetea, kwa hiyo kuko muda) mwanafunzi aliweka viwanja vya shu vyenye kupewa maji sawasawa, vingine na NPK, vingine bila kitu. Kapteri ikasoma unyevu mkubwa zaidi katika viwanja vya NPK, kila wiki, bila kukosa. Yeye akatoa hitimisho kwamba NPK inasaidia udongo kushika maji, na katika ukurasa wa mapendekezo akaandika kama mukulima akishaweka mbolea anaweza kupunguza kunyweshea.

Soma tena hiyo pendekezo kwa sauti. Mbolea ya madini haishiki maji kama vile kompositi inavyoweza kushika, ni chumvi. Kapteri iliona chumvi ikaita maji. Na kwa mmea, chumvi zaidi katika maji ya udongo maana yake ni kwamba mizizi inavuta kwa shida zaidi. Yaani siku ile ile kapteri inasema "udongo umeshiba", mmea unasema "nina kiu kuliko jana". Ukimfuata huyu mwanafunzi, pompi italala katikati ya mwezi wa saba, wakati hakuna mvua, na mama aliyekopa pesa ya kununua NPK atapoteza NPK na shu pamoja. Takwimu za memwari ile ziko safi kabisa, mtihani wa Fisher umefanywa vizuri, herufi a na b ziko mahali pake. Tofauti kati ya viwanja ilikuwa ya kweli. Ilikuwa tu ni tofauti ya kitu kingine.

Kuko pia ile hadithi ya saa sita ya mchana. Memwari mbili ziko na kurba nzuri za siku nzima: unyevu unapanda polepole kutoka asubuhi, unafika kileleni mchana, unashuka jioni. Hakuna mvua, hakuna pompi. Mmoja anaeleza kwamba ni maji yanayopanda kutoka chini kwa kapilari. Mwingine anaachilia bila maelezo, na ninamheshimu zaidi. Jibu liko kwenye joto, na tena kwenye frekansi. Joto likipanda digrii moja, upitishaji wa chumvi unapanda kwa karibu asilimia 2, wakati permitiviti ya maji inashuka chini ya nusu ya asilimia. Mambo mawili yanayovuta pande mbili. Kapteri ya frekansi ya juu sana ingeweza kuonyesha udongo "unakauka" kidogo mchana; ya megahezi moja, ambayo inasikia zaidi chumvi, inaonyesha udongo "unalowa". Kurba ile ni temometa. Kama mngeweka temometa ya kweli pembeni, sentimita kumi chini, mngeziona zinacheza pamoja.

Halafu udongo wetu wenyewe. Sisi wa Kivu hatuna haki ya kuazima mlinganyo bila kuuliza. Upande wa Nyiragongo na Nyamulagira kuko udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, wenye eneo kubwa la ndani linaloshika maji karibu sana na chembe. Maji yaliyobanwa hivyo hayageuki kwa uhuru, permitiviti yake haifiki 80, na inajulikana tangu zamani kwamba mlinganyo wa Topp, hata ukiwa na TDR ya kweli, unasoma maji chini ya yale yaliyopo katika udongo wa namna hiyo. Kwa hiyo aliyeko kwenye majivu anadanganywa kwa kupunguziwa na mlinganyo, na kwa kuongezewa na kapteri kama ameweka mbolea, na anaweza hata kuangukia namba sahihi kwa bahati. Hiyo bahati njo inaniogopesha zaidi, maana juri itapiga makofi.

Kuhusu kalibrasyo, nimeona ile ya "hewani ni 0 %, katika glasi ya maji ni 100 %, katikati tunagawa sawasawa". Inatembea sana, na iko rahisi. Lakini udongo hauwezi kuwa na maji 100 %. Ukijaa kabisa uko pengine kwenye 50, na mstari kati ya hizo ncha mbili haujanyooka. Asilimia ya namna hiyo ni jina la cheo tu. Kama ungeiita "indeksi ya kapteri" nisingesema kitu, na pompi yako ingefanya kazi vile vile. Ukiiita "unyevu wa ujazo" na kuilinganisha na kapasite ya shamba iliyo katika kitabu, hapo umeanza kusema kitu ambacho hukukipima.

Sisemi tutupe kapteri hizi. TDR ya kweli inafika maelfu ya dola na hakuna mwanafunzi hapa atakayeinunua. Afazali chombo cha dola chache unachokifahamu kuliko chombo cha picha. Ninachotaka ni kidogo na hakigharimu sana. Chukua udongo wa shamba lako, ule ule, pamoja na dozi yako ya mbolea. Pakia katika ndoo kwa uzito wa shamba, lowesha kwa hatua tano ao sita, soma kapteri, kisha chukua silinda ya sentimita kyubu 100, kausha kwenye furu ya 105 °C masaa 24, piga hesabu. Fanya ndoo ya pili bila mbolea. Kama kurba mbili zimeachana, na ninaamini zitaachana, umeshapata sura nzima ya memwari ambayo hakuna mtu hapa ameiandika. Soma kapteri saa moja ya asubuhi, saa ile ile kila siku. Usiichomeke kwenye mstari wa mbolea. Na katika ukurasa wa mbinu, pembeni ya jina la kapteri, andika frekansi yake. Maneno matatu.

Na kwa wale wanaotafuta sije ya mwaka kesho, kuko jambo zuri limefichama mule mule katika ubaya wa kapteri hii. Kama kwa frekansi ya chini inasikia chumvi na maji, na kwa frekansi ya juu inasikia maji zaidi, basi kipimo kimoja cha chini na kimoja cha juu, kwenye udongo ule ule, vinaweza kutenganisha hivyo viwili: unyevu upande huu, mbolea iliyobaki upande ule. Vyombo vya bei vinavyotoa unyevu na chumvi pamoja tayari vipo. Cha kujaribu ni kama sisi tunaweza kukaribia pale kwa mikono yetu. Ile 555 haitapanda juu, itabidi kutafuta osilateri nyingine ya makumi ya megahezi, nazo haziko ghali. Kwanza tu tujue kapteri zetu, moja kwa moja, zinapiga megahezi ngapi hasa, maana hesabu ya kwenye karatasi na chombo kilichotoka dukani havilingani kila mara. Mimi niko na kapteri nne za maduka tofauti na furu ya kuazima. Nani kati yenu, upande wa Bukavu ao Goma, iko na osiloskopu inayofika angalau 20 MHz, hata ya zamani?